Kimya, Sekunde Tatu

Kazi yangu ni kuandika wanayosema wengine.
Ghorofa ya pili, kituo cha polisi cha Saarivaara,
vipokea sauti masikioni, kahawa imepoa,
Januari dirishani haina asubuhi,
na mtoto wa miaka kumi anakiri kuua.

Jina lake Eljas. Sauti ya mtu aliyeamshwa.
"Niliyang'oa matawi," asema. "Yote kumi na manne.
Nikayapanda upya kuelekea mlango wa mto."

Kila majira ya baridi wanaume wa hapa
husimika matawi ya msonobari, mstari juu ya ziwa:
yafuate, utavuka; yapuuze, utazama.
Urho, baba wa kambo, aliyafuata,
usiku, taa ya pikipiki ya theluji ikimtangulia,
moja kwa moja hadi pale
ambapo maji hayalali.

Mjini hawakungoja hakimu.
Kwenye foleni ya mkate walikumbushana
paka aliyekutwa ndani ya jokofu,
michoro ya darasani, watu wasio na midomo,
na siku aliyoshinda chini ya dawati akihesabu,
akihesabu nini, hakuna aliyeuliza.
Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema,
na nyoka mkubwa hawakumtaja.
Nami niliitikia kwa kichwa. Nisijitakase.

Ila vidole vyangu husikia kabla yangu.

Daktari Henttonen: "Barafu uliitoboaje?"
(kimya, sekunde tatu)
"Kwa keekee ya Urho."
Keekee ile naijua. Inampita kimo,
na barafu mwezi huu ni unene wa mkono hadi kiwiko.
Mashimo kumi na manne, kilo ishirini na nane za mtoto,
gizani, kabla ya chakula cha jioni.

"Glavu zenye utomvu ni za nani?"
(kimya, sekunde tatu)
"Zangu."
Namba tisa. Ngumi zake zote mbili
zingelala ndani ya glavu moja.

Nikarudisha kanda. Nikaongeza sauti
mpaka pumzi ya chumba ikawa upepo.
Ndani ya kile kimya: *tik*.
Pete juu ya kikombe.
Raili, mama yake, ameketi kando yake
kama sheria itakavyo, mzazi asimwache mtoto.
*Tik* moja, mtoto hukubali.
*Tik* mbili, hakumbuki.

Siku tatu nimeandika kimya
mahali palipokuwa na mtu anasema.

Na si mara ya kwanza.
Ukuta wa kwao ndio ukuta wa kwangu.
Nimeisikia mikono ya Urho msimu baada ya msimu,
kishindo, kisha kiti kikirudishwa mahali pake taratibu,
na kila mara niliinua mkono
nikaongeza redio.

Basi niliiandika taarifa. Pete, kikombe, dakika, sekunde.
Nilikuwa natafuta bahasha
walipoleta kanda ya nne.

Raili hayupo, ana homa. Amekaa afisa wa ustawi,
mwanamume wa viatu vya mpira, hana pete.
Daktari auliza: "Eljas, nani alikutuma?"
Na hapo, wazi, karibu kuliko siku zote:
*tik*.
*Tik*.

Kifungo cha shati? Ukucha? Jino juu ya jino?
Nimesikiliza mara arobaini.
Kama ni yeye leo, juzi alikuwa nani?
Mama alimwongoza mwana, au mwana
alikuwa akimtuliza mama, nipo, usiseme kitu?
Au ni mazoea tu, mwili ulioshikwa na mdundo
kama mkono wangu na redio?

Mwisho wa kanda viti vinasogezwa,
mlango, nyayo, daktari anakohoa nje.
Kisha pumzi ndogo, midomo imegusa kinasa:

"Jirani. Hii utaiandika?"

Nimefungua mabano.
Theluji imeanza tena, inaziba mashimo ziwani.
Kidole kiko juu ya herufi.
(